Mafundi Wawili wa Kikohozi

Mume wangu na baba yangu waliheshimiana mpaka nikachoka. Najua wapo wanawake wanaoomba usiku na mchana wapate waume wa namna hiyo, na sikatai, ni bahati. Lakini hebu ishi wewe katika nyumba ambayo mmoja akiingia sebuleni mwingine anasimama. Huyu anasema, "Kaa tu, mkwe wangu." Yule anasema, "Hapana, baba, kaa wewe kwanza." Chai inapoa mezani, nao wote wawili wamesimama, mikono nyuma, wakitabasamu.

Baba alikuja kwetu baada ya kuteleza bafuni kwake. Tangu mama afariki alikuwa akiishi peke yake, na siku hiyo alilala sakafuni kuanzia asubuhi mpaka jirani alipoona mlango haujafunguliwa akaenda kugonga. Hakuvunjika popote. Aliponisimulia alicheka, akasema sakafu ilikuwa baridi tu. Mimi sikucheka. Nilimfungia nguo zake mimi mwenyewe, nikamleta, na usingizi ukanirudia.

Wazo la baiskeli lilikuwa langu, na naomba lisisahauliwe. Mume wangu ni fundi wa mafriji, na kila mwaka huenda kutazama mashindano ya watu wanaofunga injini kwenye baiskeli. Ni watu wazima wenye kazi zao na akili zao, lakini siku hiyo wanakutana kwenye uwanja wa shule, wanazunguka, wanapanda kilima cha mbao, wanapigiwa makofi, wanarudi makwao. Mshindi anapewa kikombe kilichochongwa kwa bomba la moshi. Mwaka huu nikamwambia mume wangu, acha kutazama, tengeneza yako, na umwombe baba akusaidie. Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha sabuni tangu ujana wake mpaka walipomstaafisha. Nilifikiri wanaume wawili wakipakana grisi watazoeana.

Walipakana grisi kweli. Kuzoeana, wapi. Mimi ni msusi, kiti changu cha wateja kiko barazani nyuma, na banda lao liko upande wa pili wa ua, kwa hiyo nilikuwa naona na kusikia kila kitu.

"Baba, tangulia wewe."

"Hapana, mkwe wangu, baiskeli ni yako, anza."

"Siwezi kushika spana mbele yako, baba."

Gurudumu moja liliwachukua Jumamosi nzima. Hata hivyo, kazi ilionekana. Injini ilitoka kwenye pampu ya maji iliyotupwa na mteja wa mume wangu. Tangi lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, na petroli ilishuka kwa kibomba cha shaba cha friji. Ilipowaka mara ya kwanza ilikohoa, ikatulia, ikakohoa tena mpaka mteja wangu aliyekuwa kwenye kiti akasema huyo apelekwe hospitali. Ndipo tukaiita Kikohozi.

Injini ile walikuwa wameifunga katikati ya fremu, baina ya miguu ya mwendeshaji, kwa kishikio cha chuma. Kishikio kilishikwa na bolti mbili, na ile ya mbele ndiyo iliyobeba uzito. Sasa waelewe mafundi wangu. Kiwandani kwa baba mitambo ilitikisika mchana kutwa, na nati iliyolegea ingeweza kumkata mtu vidole. Kwa mume wangu nati iliyolegea ni gesi kuvuja na mteja kurudi amevimba. Kila mmoja alikuwa amefundishwa na maisha kukaza. Na kila mmoja alikuwa haamini mkono wa mwenzake, ila heshima ilimziba mdomo.

Basi ikawa hivi. Asubuhi mume wangu akishaondoka, baba anaingia bandani na spana, anatazama huku na huku, anaikaza bolti ya mbele robo mzunguko. Jioni baba akiingia kuoga, mume wangu anaingia bandani, anatazama huku na huku, anaikaza bolti ile ile robo mzunguko.

Nilimuuliza baba, "Kwani haijakaza?"

"Imekaza. Lakini mumeo ana mkono wa friji. Mwepesi."

"Si umwambie."

"Nimkosoe mkwe wangu nyumbani kwake? Hapana."

Nikamuuliza mume wangu. Akasema mzee ni fundi mkubwa, ila mikono imechoka, na yeye hawezi kumwambia mzazi jambo kama hilo. Nikawaacha. Nilikuwa na vichwa vya watu vya kusuka.

Siku chache kabla ya mashindano baba alikuja barazani, akakaa kwenye kigoda karibu yangu, akaniambia kwamba Jumatatu, mashindano yakiwa yamekwisha, anarudi kwake.

Mkono wangu ulisimama kwenye nywele za watu. "Kuna nini, baba? Chakula?"

"Chakula kizuri."

"Kitanda?"

"Kizuri. Kila kitu kizuri, mama, na hiyo ndiyo taabu. Mumeo hajanikatalia jambo hata moja tangu nije. Nikisema mvua inakuja na jua linawaka, anachukua mwavuli. Nimekuwa mgeni humu. Mgeni anakaa siku zake, anaaga."

"Na ukiteleza tena?"

"Nitainuka."

Nilitaka kumwambia kwamba mara ya kwanza hakuinuka, aliinuliwa. Nikashindwa, kwa sababu namjua, angeondoka siku hiyo hiyo. Usiku nikamwambia mume wangu. Akasema, "Mzee akiamua, mimi ni nani wa kumzuia?" Nikageukia ukutani. Niliogopa ile sakafu ya bafu, na niliwakasirikia wote wawili kwa kuwa hakukuwa na mbaya wa kugombana naye.

Jumapili tukaenda uwanjani na pikapu ya kuazima. Watu walikuwa wengi na wachangamfu. Kulikuwa na mwokaji mikate, mama mmoja mnene mwenye kicheko, aliyefunga injini kwenye baiskeli yake ya kusambazia mikate na kuacha kapu palepale nyuma. Msimamizi alikuwa mwalimu mstaafu mwenye filimbi, na sharti lake lilikuwa moja: zunguka uwanja, panda kilima, rudi na kila kitu ulichoondoka nacho.

Tulikuwa karibu kuitwa. Mume wangu akasema anakwenda kunawa mikono bombani. Alipogeuka tu, baba akatoa spana kwenye mfuko wa koti, la Jumapili hilo, akaikaza bolti robo mzunguko, akarudi kwenye kiti chake akatulia kama maji ya mtungi. Mume wangu akarudi. Baba akainuka kumsalimia mwalimu. Mume wangu akachuchumaa, akashika spana yake, akavuta.

Ilisikika ka! Kichwa cha bolti kikaanguka kwenye vumbi.

Baba aligeuka. Walikitazama kile kichwa, kisha wakatazamana.

"Bahati mbaya, mkwe wangu," baba alisema kwa upole.

"Ndiyo, baba. Bahati mbaya."

"Chuma nacho hudanganya."

"Kweli kabisa, baba."

Hapo ndipo nilipochoka. Nikaweka chini kikapu cha chakula, na najua nilisema kwa sauti kwa sababu mwokaji alizima injini yake asikie.

"Chuma hakijamdanganya mtu. Wewe, baba, unaikaza kila asubuhi mwenzako akienda kazini, kwa kuwa unasema ana mkono mwepesi. Na wewe, mume wangu, unaikaza kila jioni baba akioga, kwa kuwa unasema mikono yake imechoka. Mwezi mzima. Hiyo bolti imekufa kwa heshima zenu."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Nilidhani nimeharibu kila kitu, kwamba baba hatasubiri hata Jumatatu.

"Imechoka?" baba akauliza taratibu. "Mikono yangu?"

Mume wangu akakiokota kile kichwa cha bolti. Nilimwona akitafuta neno tamu la kumwambia, na nilimwona akilikosa. "Baba, ile nati ya tangi uliyofunga wewe ilivuja."

"Ilivuja kwa sababu hukuweka mpira wa kuziba."

"Niliuweka. Ukautoa."

"Niliutoa kwa sababu ulikuwa mpira wa friji. Petroli inakula mpira wa friji, hilo hulijui?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Na wewe kwa nini hukusema? Mwezi mzima unaniitikia ndiyo baba, ndiyo baba, kumbe unanipitia nyuma na spana."

"Nawe umenipitia nyuma na spana!"

Waligombana mbele ya uwanja mzima. Waligombania mpira, mnyororo, kiti kilichoelekea chini, na Jumamosi ile ya gurudumu, ambayo kumbe kila mmoja alikuwa bado nayo moyoni. Watu wengine walitazama pembeni kwa adabu. Mimi nilisimama na kikapu miguuni, na taratibu nikaona mabega yangu yanashuka. Sikuwa nimejua kwamba yalikuwa juu kiasi kile. Baba alikuwa akipunga mkono kama alivyokuwa akimpungia marehemu mama walipobishana juu ya redio, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kupungiwa vile.

Mwokaji alikuja na bolti kiganjani. "Hii ilikuwa ya kushikia kapu," akasema. "Mikate leo haipo. Mkimaliza kugombana, ichukueni."

Waligonga kipande kilichobaki, kikatoka. Mume wangu akaingiza bolti mpya, akashika spana, na baba akainama kando yake, kichwa karibu na kichwa.

"Vuta. Vuta. Hapo. Acha."

"Kidogo tu, baba."

"Acha, nimesema. Unataka kuiua na hii?"

Mume wangu akaacha.

Mwalimu akapuliza filimbi, akatuita. Na baba, akiwa bado moto wa ugomvi, akashika usukani wa Kikohozi. "Nitaendesha mimi," akasema. "Niwaoneshe hiyo mikono iliyochoka."

Nilifungua mdomo, lakini sikuwahi.

"Hapana," alisema mume wangu.

Baba aligeuka polepole. "Umesemaje?"

"Nimesema hapana, baba. Huendeshi. Ulianguka juzi tu bafuni, sikupandishi kilimani kwenye kitu kinachokohoa. Kasirika utakavyo, lakini huendeshi."

Baba alikuwa amekunja uso, ila namjua baba yangu tangu nizaliwe, na kona ya mdomo wake ilikuwa inacheza. Akaachia usukani.

"Basi endesha," akasema. "Na ukifika kwenye mbao usikate moto, mwoga wewe."

Kikohozi kilizunguka uwanja kikikohoa. Kilifika kwenye kilima, kikasita, baba akapiga kelele "Moto! Moto! Mpe moto!" akikimbia pembeni hatua kadhaa mpaka nilipomshika koti, nacho kikapanda, kikashuka upande wa pili na injini ikiwa mahali pake. Tulikuwa wa pili kutoka mwisho. Aliyekuwa wa mwisho mnyororo wake ulibaki kilimani. Kikombe kilimwendea mwokaji, na tulimpigia makofi kuliko wote, kwa kuwa bolti yake ilikuwa kwetu na kapu lake alilishikilia kwa mkono mmoja njia nzima.

Jua lilipopungua tukaipakia baiskeli kwenye pikapu. Mmoja alifunga kamba upande huu, mwingine upande ule. Mimi nilikuwa nakusanya vyombo, na sikuthubutu kuuliza kitu. Siku ilikuwa nzuri, lakini kesho yake ilikuwa Jumatatu, na hakuna aliyeitaja.

"Kesho ukitoka kazini uje moja kwa moja," baba alimwambia mume wangu. "Hiyo injini tunaifungua yote. Kilimani haikuvuta."

Mume wangu aliacha kamba. Alinitazama, kisha akamtazama baba. "Kesho si ndiyo unaondoka, baba?"

Baba hakuinua macho. "Niende wapi na injini iko hivi? Nikuachie uiue?"

"Siiui."

"Utaiua. Na hilo fundo gani unafunga? Hilo ni la kufungia kuku. Fungua."

"Sifungui. Limeshika."

Niliingia mbele kwenye pikapu, nikafunga mlango, nikapandisha kioo, nikalia mpaka kifua kikawa chepesi. Huko nyuma walikuwa bado wanagombania kamba.