Mihuri Kumi

Philbert, katibu wa kijiji huko Uyole, alikuwa amelala mara kumi kwenye vyumba vya bei rahisi vya hoteli hii ya Iringa. Kila mara kadi yake iligongwa muhuri, na wa kumi ulimpa bure chumba cha juu, chenye zulia na bafu lake. Sasa alijifungia humo, akiogopa kuonekana. Juzi tu aliwafokea wanakijiji mkutanoni kwa kupenda anasa!

Mlango ukagongwa. “Fungua, ndugu!” Ilikuwa sauti ya mwenyekiti wake wa wilaya. Nimekwisha, aliwaza, akafungua.

Mwenyekiti alijipenyeza ndani, kadi yenye mihuri kumi mkononi, macho yote koridoni, bila kumtazama aliyemfungulia.

“Nifiche! Nimeona jina kwenye kitabu cha wageni. Yule mkali, Philbert, yumo humu humu!”