Ukingo wa Chuma

Lile lichuma la katikati ya bustani ya mji silielewi, na sina mpango wa kulielewa. Limepinda, limejizungusha, likapaa juu bila sababu. Wanasema ni sanaa, haya. Ila utepe wake wa chini umepita usawa wa kiuno, ukazunguka duara zima, na tangu mume wangu apate kiharusi ndipo anapojifunzia kutembea. Nyumbani hana cha kushika ila ukuta na mimi, na mgongo wangu umeshaomba poo.

Miguu inarudi polepole. Kinachoniuma ni kwamba hataki kitu tena. Chai ikipoa anakunywa hivyo hivyo. Mtu aliyekuwa akinirudisha jikoni kwa sababu ya chumvi!

Shida ilikuwa kibao cha USIGUSE. Mlinzi alitufumbia macho, hadi jana akaniita pembeni.

"Mama, mwenye kazi yake anakuja kesho. Akikataa, mimi sina la kufanya."

Leo nikajifunga kibwebwe, nikamshika mume wangu mkono, tukaenda. Tukamkuta mwanamume kapiga magoti anakwangua utepe kwa tupa, unga wa chuma unamwagikia suruali.

"Wewe! Unaiba mchana kweupe?"

"Siibi, mama. Hili nimelitengeneza mimi." Akajifuta mikono. "Jana nilifika mapema bila kumwambia mlinzi, nikakaa benchi lile, nikawaona. Mzee akifika hapa anaachia. Nilichomelea vibaya, pana ukingo unamkata."

Mimi nilidhani anachoka.

"Na kibao?" nikauliza.

"Nimeking'oa. Kipo kwenye gari."

Akamalizia kwa msasa, akapapasa kwa kiganja chake mwenyewe, kisha akasogea. "Jaribu, mzee."

Mume wangu akashika, akaburuta mguu, mkono ukapita bila kushtuka. Nikataka kupiga vigelegele. Lakini yeye akasimama, akarudi nyuma kidogo, akagonga chuma kwa kidole.

"Na... hapa."

"Hapo ni laini, mzee."

"Hapa!" Akakunja uso.

Msanii wa watu akapiga magoti tena, akachukua tupa. Nami nikalia mbele za watu, nikimshukuru Mungu na yule fundi kwa mpigo mmoja. Mume wangu alikuwa ametaka kitu.