Nyekundu au Kijani?

Swali lenyewe lina maneno matatu tu, na hapa Las Palomitas, mji wetu mdogo wa kusini-magharibi mwa Marekani, hata mtoto anayeanza kuota meno ameshalisikia: nyekundu au kijani? Ni pilipili hiyo. Kijani ni ile iliyochomwa ingali mbichi, ikamenywa na kukatwakatwa. Nyekundu ni ile iliyoachwa ikaivia shambani, ikakaushwa, ikasagwa, ikapikwa rojo. Anayetaka zote mbili hujibu "Krismasi," kwa rangi za mapambo yake, hata kama ni katikati ya Julai na lami inanata kwenye viatu. Mgeni asiyejua kujibu tunamsamehe, tunamwekea kidogo pembeni ajaribu. Lakini mtu anayekataza swali lisiulizwe, huyo ana lake jambo.

Mtu huyo alikuja kwanza kwa barua.

Eloisa Baca aliisoma akiwa amesimama karibu na kikaango cha chipsi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameimalizia Dobbin, ule mgahawa wa baga wenye farasi wa plastiki juu ya paa. Migahawa ya Dobbin imetapakaa kwenye barabara kuu za nchi nzima, na yote ina farasi yule yule. Miaka minne sasa Eloisa alikuwa kaimu meneja. Kazi ya meneja alikuwa akiifanya yote, cheo tu ndicho kilichokuwa hakijafika, na kila mara alipouliza aliambiwa avute subira.

Barua ilitoka kwa Grant Halvorsen, mkuu wa kanda. Ilisema kwamba Alhamisi angekuja na mama mmoja, Maxine Pruitt, anayeandika kitabu cha kuwaongoza wasafiri: wakiwa safarini Marekani wale nini, wale wapi. Dobbin ilitaka kitabu hicho kiseme kwamba baga yake ina ladha ile ile popote. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu kile chungu cha pilipili kilichokaa jikoni "bila idhini" kiondolewe. Na wateja wasiulizwe swali lolote lisilo kwenye mwongozo wa kampuni. Mambo yakienda vizuri, barua ilimalizia, suala la cheo cha Eloisa lingefikiriwa.

"Limefikiriwa miaka minne, halijachoka kufikiriwa?" aliuliza Quilino, mpishi, huku akigeuza nyama. Jina lake kamili ni Tranquilino, maana yake mtulivu. Waliompa jina hilo hawakumsubiri akue.

"Nataka cheo changu, Quilino."

"Dada, cheo chako nakitaka hata mimi. Lakini baga bila pilipili nitampa nani? Farasi wa juu ya paa?"

Eloisa hakucheka. Jumapili alikifunga chungu kwa taulo, akakipeleka nyumbani. Tusimlaumu haraka. Mtu akifanya kazi ya bosi miaka minne kwa jina la msaidizi, humjia siku akajiambia, acha niiname mara moja tu nipite chini ya huu mlango, nikifika ndani nitanyooka. Tatizo la kuinama ni kwamba wanaokujua wanakuona.

Jumatatu saa sita mchana alikuja Mwalimu Orfelinda Lucero, aliyefundisha nusu ya mji huu kusoma na nusu iliyobaki kunyamaza. Eloisa alimpokea kwa salamu mpya ya mwongozo: "Karibu Dobbin, ladha ile ile popote."

Mwalimu akangoja. Swali halikuja.

"Umeumwa?" akauliza.

"Hapana, Mwalimu. Ni agizo la makao makuu. Mpaka wiki iishe."

Mwalimu alifunua mkate, akaitazama ile nyama na jibini lake la manjano, akaufunika tena kwa heshima kama anayefunika maiti. "Binti yangu," akasema, "Septemba hii mji mzima unanuka pilipili inayochomwa. Kila kona kuna pipa la wavu linazungushwa juu ya moto. Wewe ndani humu umejifungia na hewa ya wapi?" Akairudisha baga kaunta, akaondoka.

Kesho yake alirudi, lakini mkobani alikuja na chupa yake ya kioo, pilipili imejaa hadi kwenye kifuniko. Alikaa meza ya katikati ili kila mtu amwone, akajipakulia. Jumatano chupa zilikuwa saba. Eloisa aliziona zote na kila moja ilimchoma, kwa sababu hakuna aliyemtukana. Wangemtukana angejua la kuwajibu.

Alhamisi Halvorsen aliingia saa sita na nusu, foleni imefika mlangoni. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi hadi kwenye mawazo. Nyuma yake alikuja Maxine Pruitt, mama wa miaka sitini na kitu, viatu vya kutembelea, daftari limevimba kwa risiti. Walipanga foleni, maana Halvorsen alitaka mgeni aone huduma kama wateja wa kawaida wanavyoiona. Eloisa alikuwa kaunta. Tangu asubuhi alikuwa ameisema ile salamu mara themanini na hajakosea hata mara moja.

Walipofika mbele yake, Maxine alimwangalia kwa uso mkunjufu. "Mwenzangu, nimezunguka majimbo arobaini na moja," akasema. "Oklahoma wamenikandia vitunguu ndani ya nyama. Connecticut baga wanaipika kwa mvuke. Nebraska wamenijazia kabichi na nyama ndani ya mkate, nikala miwili. Nyinyi hapa hamna chenu?"

Eloisa alifungua mdomo, lakini Halvorsen akawahi. "Chao ni Dobbin," akasema huku akicheka. "Ndiyo uzuri wenyewe. Eloisa, tupe baga mbili, zile za kawaida."

Eloisa alibonyeza mashine mara mbili. Kichwani mwake alikuwa na cheo, alikuwa na barua, alikuwa na ahadi aliyojipa mwenyewe. Lakini ulimi hauna mfupa, na mtu ameshasema "baga mbili."

"Nyekundu au kijani?" akauliza.

Jikoni Quilino aliangusha koleo. Mtu kwenye foleni akapiga mluzi. Eloisa mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kusikia alichokisema, na damu ikampanda masikioni.

"Nini hicho?" Maxine akauliza, na kalamu ikatoka.

"Hakuna kitu," akasema Halvorsen. "Eloisa, njoo huku nyuma kidogo."

Nyuma, kati ya friji na maboksi ya vikombe, alimsemesha kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko makelele. Alitoa karatasi kwenye daftari lake, akaandika mistari mitatu, akamsogezea. Ilisema kwamba yeye Eloisa Baca aliuliza swali hilo kwa makosa, kwamba si sehemu ya chakula cha Dobbin wala cha mahali hapa, na kwamba anaomba radhi.

"Weka saini, kisha ukamsomee yule mama," akasema. "Ni kosa dogo. Kila mtu hukosea. Mwezi ujao utakuwa meneja."

Eloisa aliisoma mara mbili. Alikuwa amekosea, ni kweli. Lakini kosa lilikuwa la Jumapili, alipofunga chungu kwa taulo kama mwizi. La leo halikuwa kosa. Leo ulimi ulikuwa umemzidi akili, na alijikuta anauonea fahari.

"'Wala cha mahali hapa,'" akarudia. "Bosi, wewe mahali hapa umelala siku ngapi?"

"Eloisa, nina njia mbili tu za kukupa. Saini, au uvue kofia uende."

"Sisaini."

"Basi nenda."

"Siendi. Nimeacha foleni pale, watu wana njaa. Nitaondoka foleni ikiisha."

Halvorsen alitazama kupitia mlango. Watu kumi na tano, labda kumi na sita. "Sawa," akasema. "Foleni ikiisha, unanipa funguo."

Akarudi kaunta. Alisimama wima jinsi ambavyo hakuwa amesimama tangu Jumatatu, akapaza sauti mpaka vioo vikaitika: "Haya, jamani! Nyekundu au kijani?"

"Kijani!" wakaitika upande mmoja.

"Nyekundu, na usinibanie!"

"Krismasi!"

"Chungu kiko nyumbani, ole wangu," akasema Eloisa. "Leo nimebaki na swali peke yake."

"Wewe uliza tu, dada," Quilino akapiga kelele kutoka jikoni. "Majibu yamekuja na wenyewe!"

Na kweli. Chupa zilikuwa zinapita juu ya vichwa kutoka meza moja hadi nyingine, za kijani na za nyekundu, mikono inazipokea na kuzisogeza kaunta. Mwalimu Orfelinda alimkalisha Maxine mezani kwake, akamfunulia baga, akamwekea vijiko vitatu bila kumuuliza. Maxine aliuma. Akatafuna. Macho yakamtoka, machozi yakamshuka, akapiga meza kwa kiganja.

"Maji?" akauliza Mwalimu.

"Maji ya nini?" akasema Maxine. "Ongeza!"

Halvorsen alisimama karibu na mlango, anahesabu foleni. Waliobaki tisa. Halafu sita. Mwalimu Orfelinda naye alikuwa anamtazama anavyohesabu, na mwalimu wa miaka arobaini hahitaji kuelezwa. Alimuuliza Quilino neno moja kwenye dirisha la jikoni, naye akamwambia: foleni ikiisha, Eloisa anatoa funguo. Akajifuta mdomo, akachukua mkoba wake, akaenda kusimama mwisho wa foleni.

"Mwalimu, si umeshakula?" akauliza Eloisa.

"Nimekula. Sijashiba."

Fundi magari aliyekuwa anatoka mlangoni akageuka, akasimama nyuma yake. Kisha watoa huduma wawili wa zahanati. Kisha ukoo mzima wa akina Archuleta, pamoja na bibi yao asiyekula nyama tangu mwaka juzi. Aliyefika kaunta alinunua chipsi, au soda, au kikombe cha barafu, akajibu swali kwa sauti kubwa, nyekundu au kijani, hata kwa soda, akazunguka, akarudi mwisho. Simu zilipigwa. Saa nane foleni ilikuwa imetoka nje na kupita pipa la kuchomea pilipili upande wa pili wa maegesho. Saa tisa ilikuwa inazunguka jengo.

"Huu ni upuuzi," akasema Halvorsen.

"Ni huduma," akasema Eloisa. "Mwongozo, ukurasa wa kwanza: hakuna mteja anayeondoka bila kuhudumiwa. Nyekundu au kijani, bosi? Bado hujanijibu."

Halvorsen akatazama saa yake. Saa kumi na moja alikuwa na ndege ya kuwahi, na uwanja uko mbali. Aliondoka bila funguo, na Maxine akagoma kuondoka naye. Alisema atatafuta basi.

Eloisa alifunga mlango mwenyewe jioni ile, baada ya mteja wa mwisho. Asubuhi barua nyingine ikafika, fupi, ya kumfukuza. Alizipeleka funguo kwa mkono wake, akaziweka kaunta, akavua kofia. Aliumia, nisiseme uongo. Miaka kumi na tisa si mchezo, na alilia ndani ya gari mpaka vioo vikapata ukungu. Lakini hakuwahi kusema laiti angesaini.

Wiki ya pili binamu yake alimpa jiko na kaunta ndogo kwenye kituo chake cha mafuta, ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na farasi wa plastiki. Miezi mitatu baadaye Quilino alimfuata, koleo lake mkononi. Chungu kikawekwa mahali ambapo kila anayeingia anakiona.

Kitabu cha Maxine Pruitt kilitoka mwezi wa Aprili. Ukurasa wa Las Palomitas una mistari michache tu. Unasema hivi: "Kuna Dobbin. Baga yake ni ile ile ya popote, kama walivyoahidi. Ingia, uulize Eloisa yuko wapi, kisha mfuate huko."

Na wasafiri ni watu wa kufuata kitabu. Waliingia Dobbin na magari yenye namba za Ohio, za Georgia, za Kanada, wakauliza, "Eloisa yuko wapi?" Vijana wa kaunta wakajibu kwa salamu ya mwongozo, kisha wakanyoosha kidole dirishani. Siku nyingine walinyoosha kidole mara mia na kuuza baga ishirini.

Mwezi Juni simu ya kituo cha mafuta ililia. Eloisa aliibana kati ya sikio na bega, maana mikono ilikuwa imejaa.

"Eloisa, hapa Grant Halvorsen. Tumekaa, tumetafakari. Tunataka urudi. Meneja kamili, na chungu chako. Tunaweza hata kukitangaza."

"Nyekundu au kijani?" akauliza Eloisa.

"Samahani?"

"Nilikuuliza Septemba. Wewe ndiye mtu wa kwanza katika mji huu aliyenikalia kimya."

"Eloisa, mimi nazungumzia kazi."

"Na mimi niko kazini."

Quilino aliacha kugeuza nyama ili asikie. Upande wa pili mtu alishusha pumzi.

"Kijani," akasema Halvorsen.

"Haya, njoo ule," akasema Eloisa. "Tunafungua saa tano. Ila foleni utapanga kama watu wote."