Bunduki Aliyouziwa Tasio

Siku Tasio Larreategi alipoingia dukani kutafuta bunduki ya bei nafuu, Garbiñe Unzueta alikuwa nyuma ya kaunta akila mkate na soseji, na akaacha kutafuna. Kwa miaka minne mtu huyo alikuwa akivuka barabara ili asipite mbele ya mlango ule. Leo kaingia, kofia kichwani, kifua mbele, kana kwamba hawajawahi kukoseana.

"Habari za hapa, dada. Bado unauza vyuma vya marehemu?"

"Nauza," alisema Garbiñe, akimeza. "Na walio hai wanakuja kuvililia bei."

Lilikuwa duka la bunduki za mitumba, ghorofa ya chini ya nyumba nyembamba mjini Eibar. Garbiñe aliachiwa na baba yake, fundi wa vitako vya bunduki, mtu aliyeweza kumtazama mteja mabega mara moja tu akajua mti aukate vipi. Tasio yeye aliuza saruji na mchanga. Hela alikuwa nazo, ila alikuwa mkono wa birika, na bunduki aliyorithi kwa mjomba wake aliitumia mpaka bawaba ikaachia na fundi akakataa kuigusa tena.

"Nataka mitutu miwili, ubavu kwa ubavu, bunduki ya watu," alisema. "Zile za mtutu juu ya mtutu waachie wanaovunja visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kwa mchezo. Sululu wamekaribia. Na tafadhali, usinichune ngozi."

Sululu wa msituni ni ndege wa rangi ya majani makavu, anayeshuka kwenye milima ile na baridi ya Novemba. Hujilaza chini kimya, na bila mbwa utapita juu yake usimwone. Ndiyo maana mbwa huvishwa kengele. Kengele ikilia, mbwa anatafuta. Ikinyamaza, mbwa ameganda mbele ya ndege, naye mwenye bunduki atembee haraka.

Novemba moja, miaka minne nyuma, kengele ya Beltza, mbwa wa Garbiñe, ilinyamaza kati ya mialoni. Garbiñe akaanza kupanda. Kabla hajafika ikasikika bunduki, akamkuta Tasio amesimama juu ya mbwa, na mbwa keshakufa. "Nilidhani sungura," alisema Tasio. Wiki hiyohiyo Beltza alikuwa amemwaibisha mbwa wa Tasio mbele ya wawindaji wote, lakini nani angethibitisha? Watu wakasema ajali. Jioni, kwenye nyumba ya kunywea sida, pombe ya matufaha, Tasio akaagiza kimanda cha chewa, akafuta mdomo, akasema, "Mbwa ni mbwa bwana, atanunua mwingine." Garbiñe hakununua mwingine. Alimshusha Beltza mlimani ndani ya koti lake, na tangu siku ile chuki ilimkaa kifuani, akilala nayo, akiamka nayo, wala hakuionea haya.

Sasa alitazama nje ya kioo. Tasio alikuwa amemfunga mbwa wake mpya kwenye bomba la mvua: jike kijana mwenye madoa, jina lake Lagun, masikio yamesimama, pua inahesabu kila kinachopita. Mbwa wa ajabu. Kila mtu mjini alikuwa akimsifu, na Tasio alizipokea sifa hizo kama vile yeye ndiye aliyenusa ndege. Garbiñe akamtazama mbwa, akamtazama mwenye mbwa, na hapo hapo akajua atamfanya nini.

Wawindaji wote wa kule wanalijua hili: mbwa akikugandia mbele ya ndege siku nenda siku rudi na wewe kazi yako ni kukosa, atakuchoka. Ataanza kwenda mbali, hatasubiri, mwisho atatafuta bunduki ya mtu mwingine. Hakuna fedheha kubwa zaidi kwao kuliko kukimbiwa na mbwa. Mke akiondoka, watu huuliza kosa la nani. Mbwa akiondoka, hakuna anayeuliza.

Akatandika kitambaa juu ya kaunta, akaweka bunduki tatu.

"Hii ya kwanza, angalia maua yalivyochongwa. Nzuri, sivyo? Sasa sikiliza." Akaitikisa, nayo ikagongagonga. "Inacheza. Msimu mmoja utarudi kulia kwangu." Ya pili akaitoa mitutu, akaining'iniza kidoleni, akaigonga kwa ukucha. Ikatoa sauti butu, sauti ya chungu chenye ufa. "Mitutu imeanza kuachana. Usiipige." Akagonga mitutu ya tatu, ikalia sauti ndefu na safi mpaka Lagun akageuza kichwa kule nje. Akaifunga, akaiinua kwenye taa. Mwanga haukupenya popote kwenye maungio.

Hakusema uongo hata mmoja. Bunduki ya tatu ilikuwa nzima, nyepesi, na kazi ya mkono wa baba yake. Ila baba aliitengenezea padri mmoja aliyekuwa akipiga kwa bega la kushoto, na kitako chake kilipindishwa kidogo kuelekea upande huo, kiasi ambacho jicho la haraka haliwezi kukiona. Mtu wa bega la kulia akiilenga, jicho lake halikai katikati ya mitutu, na marisau yote, zile chembe za risasi, yanakwenda kushoto.

Dukani kulikuwa na kioo kirefu. Kila mteja alikuwa akifumba macho, akiinua bunduki begani, akifumbua na kuangalia humo kama jicho lake limekaa sawa. Tasio alipokuwa ameinamia bei, Garbiñe alitundika koti la mvua juu ya kioo.

"Nikupime mabega?" akauliza, kwa ile sauti ya kumhurumia mzee.

"Unipime nini? Mimi bi harusi, nashonewa gauni? Nimeanza kupiga sululu wewe unacheza kombolela!" Akaizungusha bunduki mkononi. "Mbona bei yake ndogo?"

"Imekaa sana. Na wewe ni jirani."

Tasio akacheka. Aliondoka akiamini amemwibia mwanamke mjinga, na furaha hiyo ilikuwa sehemu ya adhabu yake.

Novemba ikafika na sululu wakafika. Lagun aliganda mbele ya ndege wa kutosha kulisha parokia, na Tasio akawakosa. Kwanza alilaumu risasi, akabadilisha. Akalaumu upepo, akalaumu miwani, akaenda kupima macho. Kwenye sida watu walikuwa wakimuuliza, "Vipi Tasio, ndege wamekusalimu leo?" Garbiñe alikuwa akikaa pembeni na sahani yake ya maharage, akisikiliza, na maharage hayajawahi kuwa matamu vile.

Mwanzoni mwa Desemba Tasio alimrudia dukani, wateja wamejaa.

"Hii bunduki yako ina kasoro!"

"Kaka, kama imekushinda, hela yako hii hapa," alisema Garbiñe, akafungua droo mbele ya watu wote. "Hata sasa hivi. Si aibu, umri nao unakwenda."

Watu wakaangua kicheko. Tasio akaitazama ile hela, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaiacha.

"Haijanishinda," alisema, akatoka.

Jumapili moja ya Januari, barafu nyembamba juu ya majani, Garbiñe alikuwa mlimani na mzee Kandido, mpeleka barua mstaafu, mtu mpole aliyeshikilia miaka yote kwamba kifo cha Beltza kilikuwa ajali. Wakasikia kengele ikipanda kuwajia. Akatokea Lagun peke yake, amekonda. Akamtazama Garbiñe, akaitazama bunduki yake, akaingia kwenye vichaka mbele yao. Kengele ikanyamaza.

"Huyo si wa Tasio?" alinong'ona Kandido.

Garbiñe alishakwenda. Sululu akaruka, Garbiñe akapiga, ndege akaanguka. Lagun akamleta ndege mdomoni taratibu, akamweka mkononi mwake, akaketi karibu na buti lake. Hapo Tasio akatokea kwenye magugu, uso mwekundu, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

"Lagun! Njoo hapa!"

Mbwa akamtazama, kisha akatazama pembeni.

Garbiñe alijawa na furaha, furaha chafu, tamu, aliyoisubiri miaka minne. "Mwite tena, Tasio," alisema. "Labda hajakusikia. Au piga magoti, pengine atakuonea huruma."

"Lagun!"

Mbwa akainuka, akampa mgongo, akaenda zake kutafuta ndege mwingine kwa ajili ya Garbiñe. Tasio akainua bunduki begani, akamlenga mbwa, akapiga.

Majani na udongo viliruka upande wa kushoto wa Lagun. Tasio akapiga mtutu wa pili, na mche wa mwaloni uliokuwa kushoto zaidi ukakatika. Mbwa alipiga ukelele, akajilaza chini, mzima.

"Tasio!" alisema mzee Kandido. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kumbe na yule mwingine ulimlenga hivihivi."

Tasio alikuwa akiitazama bunduki. "Hata hapa imekosa," alisema, kama mtu anayezungumza usingizini.

"Ni ya mtu wa bega la kushoto," Garbiñe alisema. "Baba alimtengenezea padri. Nilikuuzia nikijua."

"Nitakushtaki. Haki ya Mungu nitakushtaki!"

"Nenda. Na wakikuuliza ulikuwa unapiga nini ulipogundua, uwaambie. Mzee Kandido atakusaidia kukumbuka."

Tasio akamtazama Kandido, aliyekuwa amesimama na kofia mkononi, akageuka, akashuka mlima bila mbwa. Hakuonekana tena kwenye sida msimu ule, wala msimu uliofuata.

Garbiñe alipiga magoti kwenye barafu. "Njoo, mama, njoo," alisema, na baada ya muda mrefu Lagun akatambaa kwa tumbo mpaka kwake. Akampapasa mbavu, miguu, shingo. Hapakuwa na tundu hata moja. Akaona jinsi mbwa alivyoponea chupuchupu, na kwamba aliyemleta mbele ya mitutu ile si Tasio peke yake.

Kisha akanyoosha mkono kuokota bunduki yake. Lagun alipoona mitutu ikiinuka kutoka chini, akajikunyata, akajikojolea, akaanza kutetemeka mwili mzima.

"Huyu hatawinda tena," alisema Kandido polepole. "Ameharibika."

"Najua," alisema Garbiñe.

Akampa mzee bunduki abebe pamoja na yake, na wakashuka hivyo: yeye na mbwa mbele, Kandido nyuma kabisa, maana kila aliposogea karibu na bunduki zile mbili, Lagun alilala chini na kukataa kutembea.