Nafasi ya Fubuki

Daktari Narumi aliweka majibu ya damu juu ya tangi la maziwa. Kati ya ng'ombe thelathini na wanane wa Itsuko Kumagai, sita walikuwa na virusi vya saratani ya damu ya ng'ombe. Wa kwanza kwenye orodha ni Fubuki, malkia wa banda.

"Chembe zake nyeupe za damu zimepanda mno," alisema. "Hakuna dawa wala chanjo, Mama Kumagai. Anaweza kukaa miaka asiugue, huku akiambukiza wenzake."

"Na Momo?"

"Binti yake mzima. Kwa sasa. Mwezi wa saba pange wakianza kufyonza damu, wataruka kutoka kwa mama hadi kwa jirani."

Jirani ndiye Momo. Itsuko alikuwa akibadilisha sindano na glovu kwa kila ng'ombe na kujiona hodari. Kumbe mama na mwana amewafunga ubavu kwa ubavu, eti wanapendeza.

Siku hiyohiyo aliwapangia wale sita mwisho wa banda, akaacha nafasi mbili tupu kati yao na wazima, akatundika neti. Malishoni aliwatenga kwa waya wa umeme. Lakini jioni Fubuki aliingia akaenda moja kwa moja mahali pake pa miaka saba, karibu na mlango, kando ya Momo. Itsuko akamsukuma. Afadhali angesukuma lori.

"Shemeji, huyo anakuona kama nzi," alisema Tokuji, mdogo wa marehemu mumewe. "Mpeleke machinjioni, upumzike."

"Ananipa lita thelathini na tano kwa siku. Atakaa. Ila atakaa kule."

Siku kumi alimvuta kwa kamba. Ukucha wa kidole gumba cha mguu ukawa mweusi kwa kukanyagwa. Siku ya kumi na moja alipindua ndoo, akaketi palepale pa Fubuki na chupa ya chai na tonge la wali lililofungwa kwa mwani.

Fubuki akaja, akamhemea usoni. Itsuko akaendelea kutafuna.

"Hapa pana mtu," akamwambia.

"Tukufunge mnyororo tukukamue?" aliuliza Tokuji.

"Jaribu."

Fubuki alisimama muda mrefu. Kisha akageuka, akaenda zake nyuma ya neti.

Itsuko aliketi pale kila jioni mpaka pange walipoisha. Mwezi wa kumi Daktari Narumi alileta karatasi nyingine: Momo mzima. Itsuko aliisoma mara mbili, akaikunja, akarudi kuketi kwenye ndoo, pange wapo au hawapo. Ng'ombe walikuwa wanaingia.