Kipande cha Saba

Katika saluni ile yenye viti vitatu na kioo kimoja kirefu, saa ya ukutani ilikuwa pambo tu. Ilisimama saa nne kasoro robo, mwaka gani hakuna aliyekumbuka, na msusi hakuwahi kuhangaika kuitafutia betri. Yeye muda aliupima kwa muziki.

Muziki wenyewe ulikuwa wa diski moja. Mumewe, fundi redio, aliikuta ndani ya redio ambayo mtu aliileta kutengenezwa kisha akapotea moja kwa moja. Fundi alimngoja mwaka mzima, kwa kuwa ni mtu wa haki, halafu akaileta ile redio saluni na diski yake ikiwa bado tumboni. Hakukuwa na mwimbaji. Ilikuwa okestra nzima, fidla, filimbi, baragumu na ngoma kubwa, imegawanywa vipande saba. Baadaye ndipo walipojua kuwa ni muziki wa filamu, filamu ya joka na mfalme, ambayo ilipoingia kumbini watu waliizomea na kutoka wakidai warudishiwe hata nauli.

Msusi hakuiona filamu hiyo. Muziki ndio alikuwa anausikiliza kwa mwaka wa tisa sasa, na kichwani mwake alikuwa amekwisha kujitengenezea filamu yake mwenyewe. Kipande cha kwanza, kunapambazuka katika mji wa mawe. Cha pili, soko linafunguliwa. Cha tatu, binti anavuka daraja la kamba. Cha nne, mto unafurika. Cha tano ni vita, na cha sita joka linalala usingizi, baragumu zikilia tatu mfululizo kulifungia mlango.

Wateja nao walizoea. Dawa ya kulainisha nywele haikuhesabiwa kwa dakika. Mwenye nywele nyepesi aliambiwa "daraja tu", mwenye nywele nzito "daraja na mto". Karani wa posta, mteja wa kila mwezi, alikuwa akiingia tu anaanza, "Dada, mimi ni wa daraja tu, usije ukaniunguza na mto wako." Rangi ya kufunika mvi ilikuwa safari ndefu zaidi. Ilipakwa soko likifunguliwa, ikaoshwa baragumu tatu zilipolia, nusu saa kamili. Baragumu zile zikilia, mkono wa msusi ulikwenda wenyewe kwenye taulo, hata kama mdomo wake ulikuwa katikati ya habari tamu.

Kipande cha saba hakikupimia kichwa cha mtu. Hicho alikiweka mpaka wateja wametoka, mlango umerudishwa na ufagio uko mkononi. Kilianza kwa filimbi moja, peke yake, halafu fidla zikaja taratibu chini yake. Humo msusi alimwona mama. Mama mwenyewe alikuwa anarudi kutoka kazini alfajiri, viatu ameshika mkononi ili asiwaamshe watoto. Huyo hakuwa wa kubuni. Mama yake msusi alifua mashuka ya hospitali zamu ya usiku kwa miaka kumi na minane, na ndivyo alivyokuwa akiingia nyumbani, soli mikononi, pumzi ameibana, mpaka anapofika kitandani kwao na kuwahesabu kwa kuwagusa vichwa.

Mtu pekee aliyeijua filamu yenyewe alikuwa wifi yake, dada wa fundi redio, mwalimu wa hesabu mwenye ulimi usiolala. Yeye aliiona kumbini ilipotoka na kuondoka katikati.

"Wifi," alikuwa akisema kila akija kutengenezwa nywele, "huu muziki unaufumbia macho kama vile unaswali. Ungeiona hiyo filamu ungeitupa diski kwenye ndoo ya takataka."

"Ndiyo maana sijaiona, wifi."

"Unaogopa."

"Naogopa kabisa," alijibu msusi, na hakuwa anatania. Alijua kwamba sura ya kitu ukishaonyeshwa haikutoki tena. Fidla zile zikishapewa mfalme, zitakuwa za mfalme mpaka kiama, na mama atabaki nje na viatu vyake mkononi.

Jumapili moja mwalimu akaja na mfuko. Kesho yake alikuwa anatambulishwa kwa wazazi kama mwalimu mkuu mpya, na mvi zilikuwa zimemjaa juu ya komwe. Ndani ya mfuko kulikuwa na chupa ya rangi ya kahawia iliyokolea, na chini ya chupa, diski ya filamu yenye joka kwenye jalada.

"Nimeikuta kwenye meza ya vitu vya bure maktabani," alisema. "Imeandikwa 'chukua'. Nimesimama pale dakika kumi, hakuna aliyeigusa."

"Wifi, tafadhali."

"Tuwekeane dau. Ukiitazama mpaka mwisho bila kucheka, mataulo yako yote nitafua mimi mwezi mzima. Ukicheka, hata kidogo, diski yako ya muziki inakaa kabatini mwezi mzima, na sisi wengine tusikilize redio kama binadamu."

Msusi alifikiri. Hakuwa mtu wa haraka, hata kitana alikichagua kwa kukigeuza mara mbili. Kilichomsukuma hatimaye hakikuwa mataulo. Ni ile hali ya kuishi miaka tisa jirani na mlango ambao hujawahi kuufungua.

"Mlete kaka yako na televisheni," alisema.

Fundi redio alibeba televisheni, akaunganisha deki, akaiweka juu ya rafu ya shampuu. "Kama mtagombana," alisema akitoka, "msirushiane kitu chochote chenye waya."

Filamu ikaanza. Mji wa mawe ulikuwepo kweli, na kwa dakika mbili msusi alipumua. Halafu watu wakaanza kusema, na hapo mambo yakaharibika. Walisema sana. Mfalme alieleza unabii, waziri akaueleza tena, kisha binti akauliza ni unabii gani, wakarudia. Ndevu za mfalme zilikuwa na tabia ya kuhama kidogo kila picha ilipobadilika.

"Hizo ndevu zina miguu," alisema mwalimu, akichungulia uso wa mwenzake.

Msusi alikaza sura. Alikuwa anatafuta jambo la kusifia, na akalipata. "Tazama lile joho. Mtu amekaa akashona magamba yale moja moja. Kazi ya miezi hiyo."

"Unasifia joho?"

"Nasema nilichokiona."

Lakini kipande cha tatu kilipoanza, alikuta kingine kabisa. Daraja halikuwepo. Fidla zile za daraja, zinazopanda hatua kwa hatua mpaka shingo inasisimka, zilikuwa zinapigwa juu ya mfalme anayeoga. Alikuwa ndani ya beseni la dhahabu, akijimwagia maji kwa kikombe, huku akimuwaza adui.

Mwalimu alishika ubavu. "Kuanzia leo utawaambia wateja, 'Wewe nywele zako ni za mfalme akioga tu.'"

Msusi hakucheka. Alikuwa anahesabu hasara. Daraja limekwenda. Mto ukafuata, kumbe ulikuwa wa farasi kukimbia kwenye vumbi. Soko lilitumika mara tatu, kila mtu alipofungua mlango. Kilichobaki ni kipande cha saba, na kila filimbi ilipogusa sauti aliinua kichwa, akakuta si yenyewe, akaketi tena.

"Nipake rangi sasa," alisema mwalimu. "Imebaki kama nusu saa. Rangi ikiiva, na filamu imekwisha, na mimi naondoka na ushindi wangu."

Msusi akavaa glavu, akamzungushia mafuta kwenye komwe na masikio, akachanganya nusu ya chupa na kumpaka kwa brashi, fungu kwa fungu, jicho moja likiwa kwenye televisheni. Akamvika kofia ya plastiki. Halafu joka likatokea.

Lilitoka pangoni kwa kishindo, moshi kila upande, mabawa yamefunguka. Lilipojiinua juu ya binti, tumbo lake lote likaonekana, na katikati ya tumbo, kutoka kidevuni hadi mkiani, kulikuwa na zipu.

Msusi alijibana. Akameza mate, akatazama dari, akajaribu kuwaza mashuka ya hospitali. Kisha binti akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Hakuna silaha inayoweza kulifungua," na basi. Cheko lilimtoka kwa pua kwanza, likafuata la mdomo, akaishia kushikilia kiti.

"Mwezi mzima," alisema mwalimu kwa utulivu mkubwa. "Kabatini."

Msusi alikuwa bado anajifuta machozi pale baragumu zilipolia. Moja, mbili, tatu. Mkono ukaenda kwenye taulo. Akamwinua wifi yake, akamlaza kichwa kwenye sinki, akafungua maji ya uvuguvugu.

"Mbona sioni?" mwalimu alilalamika akiwa ametazama dari. "Sasa hivi kinatokea nini?"

"Joka limelala."

"Limechoka kubeba zipu."

Akaosha mpaka maji yakawa meupe, akamfunga taulo, wakarudi kwenye viti vyao. Mfalme alisamehewa na kila mtu, akiwemo farasi. Binti akaangalia upeo wa macho. Neno "Mwisho" likatokea kwa herufi za dhahabu, na kipande cha saba hakikuwa kimesikika.

Walikitupa, alifikiri msusi. Hata hii filamu ilikiona hakifai. Hakujua ashukuru au aone uchungu.

Mwalimu alisimama, akavua taulo, akasogea kwenye kioo achane nywele. Akatulia.

"Wifi."

"Naam."

"Njoo unieleze hii ni rangi gani."

Nywele nyingine zilikuwa nyeusi kama mwanzo. Zile za mvi, kuanzia juu ya komwe mpaka nyuma ya masikio, zilikuwa zimekuwa shaba, shaba ya kung'aa, kama kengele ya shule iliyopigwa msasa.

Msusi alitazama saa ya ukutani, ambayo ilimwambia saa nne kasoro robo. Halafu akaelewa. Kwenye diski, baragumu zilikuja nusu saa baada ya soko kufunguliwa. Kwenye filamu walizikata na kuzipachika popote joka lilipotaka kupumzika. Rangi ilikuwa imekaa kichwani dakika kumi, haikuwahi kuiva.

"Nimeosha mapema," alisema. "Zimelia baragumu, nikaosha. Miaka tisa, wifi. Mkono haukuniuliza."

"Kwa hiyo kesho nasimama mbele ya wazazi mia nne nikiwa joka."

"Joka halina mvi."

"Na mimi nitafute zipu kabisa." Mwalimu alijitazama upande wa kushoto, kisha wa kulia. "Inatengenezeka?"

"Imebaki nusu ya chupa. Kaa."

Alikaa. Msusi akavaa glavu nyingine, akachanganya, akaanza upya kutoka kwenye komwe. Glavu zake zote mbili zilikuwa za kahawia mpaka vifundo vya mikono, na rimoti ilikuwa huko juu kwenye rafu ya shampuu, kwa hiyo hakuna aliyeizima televisheni. Herufi za dhahabu zikaondoka hatimaye, kioo cha televisheni kikawa cheusi. Majina meupe yakaanza kupanda kutoka chini.

Na filimbi moja, peke yake, ikaanza.

Brashi ilisimama hewani. Ilikuwa yenyewe, nzima, haikukatwa popote. Hakuna aliyesema juu yake, hakuna mfalme, hakuna maji. Kumbini miaka ile ilipigiwa viti vitupu na watu wa kufagia, kwa kuwa waliovumilia mpaka mwisho walikuwa wamekwisha kuukimbilia mlango. Juu ya weusi ule yalipita majina tu, ya mshona majoho, ya mlisha farasi, kisha orodha ndefu ya wapiga fidla, na kwenye filimbi jina moja.

Msusi akaendelea kupaka, polepole. Mama alikuja kama kawaida yake. Kwenye weusi ule nafasi ilikuwa tele.

Mwalimu akauliza, bila kugeuka kwa sababu ya rangi, "Ndicho hiki unachosubiri sisi tutoke?"

"Ndicho."

"Yule mama wa viatu."

Msusi alishtuka. Hakukumbuka kumsimulia. "Nani kakwambia?"

"Kaka yangu hana siri, unamjua." Mwalimu alifumba macho. Fidla zilikuwa zimeingia, chini kabisa, kama mtu anayepima sakafu kwa vidole vya miguu. "Hapa amefika mlangoni?"

"Bado. Hapa anavua viatu."

"Haya."

Jina la mwisho lilipanda, filimbi ikamaliza, na kioo kikabaki cheusi chenye vumbi kidogo pembeni. Msusi alimvika wifi yake kofia ya plastiki, akavua glavu, akazikunja moja ndani ya nyingine.

"Hicho kipande ni dakika ngapi?" aliuliza mwalimu.

"Kumi."

"Na rangi inataka nusu saa."

"Nusu saa kamili. Lakini wifi, hicho sipimii nywele."

"Leo utapimia. Kumi mara tatu, bado mara mbili. Rudisha nyuma hapo yanapoanza majina."

Msusi aliichukua rimoti, lakini hakubonyeza. "Na dau letu?"

"Umecheka, umeshindwa. Diski kabatini mwezi mzima, sina huruma." Mwalimu alijiweka sawa kwenye kiti. "Ila mimi mwezi nauhesabu kuanzia tarehe moja ijayo."

"Leo ni tarehe mbili."

"Mimi ni mwalimu wa hesabu, wifi. Najua leo ni tarehe ngapi. Rudisha nyuma."