Watatu Mlangoni

Siku ya ukaguzi, mafundi watatu walikuwa wamebanana mlangoni mwa karakana kama kuku wanaonyeshewa. Meza ya Randa, mwanamke seremala, ilikuwa hapo. Mashine ya Cheche, mchomelea vyuma, ilikuwa hapo. Katikati, shemeji yake Randa, mdogo wa mumewe na fundi magari, alikuwa ameegesha gari bovu. Kila mmoja alitaka mteja amwone yeye kwanza. Huko ndani kulikuwa kutupu, panya wangeweza kucheza mpira.

Afisa wa serikali alichungulia, akaguna.

"Ruzuku ya jengo na mashine ni ya karakana ya pamoja, jamani. Hapa naona vibanda vitatu vinagombea mlango. Tena moto na maranda bega kwa bega! Nakwenda kukagua ghala la jirani. Nikirudi mkiwa hivi hivi, fedha zinakwenda kwa wengine."

Kando ya barabara walikokuwa wakifanyia kazi, vibanda vyao vilishabomolewa. Wakikosa hapa, hawana pengine.

"Mimi sisogei," shemeji akasema. "Nikijificha huko nyuma, wateja watadhani nimekufa."

"Ukifa tutajua," Cheche akamjibu. "Kelele zitapungua."

Randa hakucheka. "Shemeji, gari linaruka ukuta?"

"Aa, wapi!"

"Basi baki karibu na mlango. Cheche, wewe nenda dirishani, moshi upate pa kutokea. Mbao zinataka pakavu, mbali na moto. Mimi nakwenda nyuma."

"Nani atakuona huko?" shemeji akauliza.

"Wateja wako, wakisubiri magari. Utawaambia nipo."

"Nikisahau?"

"Ukisahau, kaka yako atahamia kula kwako."

"Kaka yangu? Mlafi yule?" Shemeji akakunja mikono ya shati. "Shika huko, Cheche, tusukume!"

Meza ilikuwa nzito, ikawakaidi kama punda. Waliposhindwa kuisukuma, waliibeba. Randa alipochubuka kiganja, alikifuta kwenye kanga akashika tena.

Afisa aliporudi aliwakuta wanatweta, sakafu imefagiliwa, mashine ya Cheche iko dirishani, na mzee mmoja mwenye gari bovu amesimama mlangoni.

"Mzee, ingia ndani," shemeji alikuwa akimhimiza. "Wakati unasubiri, mwone shemeji yangu. Vitanda vyake havilii."

Afisa alimfuata mzee hadi nyuma, akatazama huku na huku.

"Haya," akasema. "Nionyesheni mashine ya kupasulia mbao itakaa wapi."

Randa akapiga hatua, akaweka mguu chini kwa kishindo. "Hapa."